Vigae vyenye sura ya mbao kwa sakafu ya nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maelezo haya ni ya mwenye nyumba anayenunua vifaa mwenyewe, na ya fundi ambaye hataki kuitwa tena kwenye kazi aliyokwisha kuimaliza. Vigae virefu vina tabia zao. Fundi aliyebandika vigae vya sentimita 60 kwa 60 kwa miaka kumi anaweza kuharibu chumba kizima cha vigae vya 20 kwa 120 akifuata mazoea yale yale.

Je, kuna mbao yoyote ndani ya kigae hiki?

Hakuna. Ni udongo mweupe, mchanga laini na mawe yaliyosagwa, vikashindiliwa kwa mashine na kuchomwa kwenye joto la karibu nyuzi 1,200 za selisiasi. Sura ya mbao ni picha iliyochapwa juu kabla ya kuchomwa, na mara nyingi uso hupewa mikwaruzo midogo inayofuata nyuzi za mbao ili mguu nao uamini.

Ndiyo maana vinafaa sana Uganda. Mvule mzuri umeadimika na una bei yake, mchwa hawabagui, na msimu wa mvua wa Machi hadi Mei unatosha kuvimbisha mbao iliyowekwa juu ya sakafu yenye unyevu. Kigae hakiliwi wala hakivimbi. Kinachoshindwa ni gundi, sakafu iliyo chini yake, au mpangilio.

Ninunue seramiki au poseleni?

Kwa sakafu, poseleni. Poseleni hunywa maji yasiyozidi asilimia 0.5 ya uzito wake, na kwenye boksi utaona imeandikwa BIa. Seramiki ya kawaida hunywa zaidi, na ile ya ukutani hupita asilimia 10, kwa hiyo haina nguvu ya kubeba mguu wa friji au kitanda.

Kipimo cha dukani ni rahisi. Geuza kigae, dondosha matone machache ya maji mgongoni, usubiri dakika tano. Kwenye poseleni tone linabaki limesimama, ukilifuta hapana alama. Kwenye seramiki maji yanazama na kuacha doa jeusi. Tazama pia ukingo uliovunjika: poseleni imebanana kama jiwe, seramiki ina vitundu vidogo. Kipimo hiki ni kimoja, iwe vigae vimetoka kiwanda cha Kapeeka kule Nakaseke au vimeshushwa kutoka Uchina au India.

Alama nyingine kwenye boksi zina maana gani?

PEI ni uvumilivu wa uso dhidi ya kukwaruzwa. Chumba cha kulala kinaweza kuridhika na PEI III. Sebule inayofunguka moja kwa moja uani tafuta PEI IV, kwa sababu vumbi jekundu la maram lina chembe za mchanga mgumu, na kila kiatu kinachoingia ni msasa.

R ni utelezi. R9 inatosha vyumba vikavu, R10 jikoni na bafuni, R11 barazani panaponyeshewa.

V ni tofauti ya rangi kati ya kigae na kigae. V1 vyote vinafanana, V4 vinatofautiana sana. Kwa sura ya mbao V3 ndiyo inayopendeza zaidi: mbao halisi hazifanani, na V1 humfanya mgeni atambue mara moja kwamba ni picha. Muulize muuzaji muundo huo una picha ngapi tofauti. Ukiwa na nne tu, fundo lile lile la mbao litajirudia chumbani mpaka likuchoshe.

Mwisho kuna toni na kaliba. Toni ni rangi ya mchomo mmoja, kaliba ni kipimo halisi cha kigae baada ya kutoka tanuruni. Maboksi yote lazima yawe na toni moja na kaliba moja. Soma boksi moja moja kabla gari halijaondoka, maana ukishagundua kaliba mbili katikati ya sebule, mistari haitalingana tena hata umlete fundi gani.

Ukubwa gani unafaa?

Madukani ya Kampala utakutana zaidi na 15 kwa 60, 15 kwa 90 na 20 kwa 120. Chumba cha mita 3 kwa 3 kinapendeza kwa 15 kwa 60 au 15 kwa 90. Cha 120 kinataka nafasi ya kujieleza, sebule ya mita 4 na zaidi. Na kadiri kigae kinavyorefuka, ndivyo sakafu inavyotakiwa kunyooka. Kama nyumba ni ya zamani na huna bajeti ya kusawazisha sakafu upya, chukua cha 60 na roho yako itatulia.

Nitajuaje kama vigae vimepinda?

Karibu vyote vimepinda kidogo. Kigae kirefu kikitoka kwenye joto kali hujikunja mgongo, katikati pakawa juu kuliko ncha. Viwango vya kimataifa huruhusu mpindo wa hadi milimita 2 kwa kigae cha aina hii, kwa hiyo kigae kilichopinda milimita moja na nusu si kibovu kisheria, ila kitakusumbua kisipopangwa kwa akili.

Chukua vigae viwili kutoka maboksi mawili tofauti, uvilaze uso kwa uso. Vitagusana katikati na kuachana kwenye ncha. Sasa toa kadi ya benki. Unene wake ni milimita 0.76. Gawanya mwanya unaouona kwa mbili upate mpindo wa kigae kimoja: zikiingia kadi mbili kwenye ncha, kila kigae kina mpindo wa karibu milimita 0.8, na hicho ni kizuri. Zikiingia nne kwa urahisi, kila kimoja kina milimita 1.5: tafuta muundo mwingine, au ukubali kwamba utaacha mwanya mpana zaidi kati ya kigae na kigae, na mpangilio wa tahadhari. Rudia kwa jozi tatu au nne. Muuzaji asiyetaka ufungue boksi amekwisha kukujibu.

Kwa nini tusivipange nusu kwa nusu, kama matofali ya ukuta?

Hili ndilo kosa linaloharibu sakafu nyingi kuliko yote, na linafanywa kwa nia njema kabisa.

Ukipanga nusu kwa nusu, ncha ya kigae inakaa sambamba na katikati ya jirani yake. Ncha ni mahali pa chini kabisa pa kigae kilichopinda, na katikati ni mahali pa juu kabisa. Umekutanisha bonde na kilima. Ukingo mmoja unasimama juu ya mwingine kwa kipimo chote cha mpindo, na kidole cha mguu kitaugundua gizani. Jioni, jua likiingia chini chini kupitia mlango wazi, kila kidato kinatupa kivuli chake na sakafu yote inaonekana kama bati la mawimbi. Fundi atalaumu kigae, muuzaji atamlaumu fundi.

Kanuni ya vigae vyenye upande unaozidi sentimita 38 ni kutopishanisha zaidi ya theluthi moja ya urefu. Kwa kigae cha 120 ni sentimita 40. Kwa cha 90 ni 30, kwa cha 60 ni 20. Hapo ncha inaangukia mahali ambapo jirani bado hajapanda juu sana, na tofauti inapungua.

Ukirudia 40, 40, 40 kuelekea upande mmoja utapata ngazi inayopanda chumbani. Vunja ngazi hiyo: safu ya pili sogeza 40, ya tatu rudi 25, ya nne nenda 35, ya tano rudi 20. Usiache ncha za safu mbili jirani zikaribiane chini ya sentimita 15, maana jicho huziona kama kosa.

Ninunue maboksi mangapi?

Tuchukue chumba cha mita 4.2 kwa 3.6. Eneo ni mita za mraba 15.12. Kwa mpangilio wa kunyooka ongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika: 16.63. Kigae cha 20 kwa 120 kina mita za mraba 0.24, kwa hiyo unahitaji vigae 70. Boksi likiwa na vigae 5, ni maboksi 14.

Ukitaka skatingi, yaani ukanda wa chini ya ukuta, kutoka kwenye vigae hivyo hivyo, mzunguko wa chumba ni mita 15.6, toa mlango wa sentimita 90, zinabaki 14.7. Kigae kimoja kikipasuliwa katikati kwa urefu hutoa vipande viwili vya karibu sentimita 10, yaani mita 2.4. Hivyo ongeza vigae 7. Jumla 77, maboksi 16, na vitatu vinabaki vya akiba. Usivirudishe dukani, swali la mwisho linaeleza kwa nini.

Mpangilio wa mifupa ya samaki au wa mshazari hula asilimia 15. Na kumbuka uzito: poseleni ya milimita 10 ina karibu kilo 23 kwa mita ya mraba, kwa hiyo maboksi 16 yanakaribia kilo 450. Hiyo si kazi ya bodaboda. Yasafirishwe yamesimama kwa ukingo. Boksi la vigae virefu likilazwa na jingine juu yake, shimo moja tu la barabara linatosha kupasua vya chini.

Sakafu iwe tayari vipi?

Iwe imara, kavu, safi na imenyooka. Kunyooka ndiko kunakosahauliwa. Fundi akisema "sakafu iko levo", anazungumzia pima maji. Sakafu inaweza kuwa levo kutoka ukuta hadi ukuta na bado ikawa na mabonde njiani.

Tumia rula ya aluminiamu ya mita 3 na zile kadi za benki. Weka rula sakafuni, izungushe kila upande. Chini yake pasipite zaidi ya milimita 3, yaani kadi nne zilizobebana, na ndani ya sentimita 60 zozote pasizidi milimita 1.6, kadi mbili. Tia alama kwa chaki: duara kwa bonde, msalaba kwa kilima. Vilima visagwe kwa grainda yenye kikombe cha almasi. Mabonde yajazwe kwa mchanganyiko wa kujisawazisha au mota (simenti na mchanga) yenye lateksi, si kwa kurundika gundi siku ya kubandika. Gundi nene husinyaa ikikauka na kumvuta kigae chini, ukaamka kesho yake na vidato ambavyo jana havikuwepo.

Skridi mpya, yaani tabaka la kusawazisha juu ya zege, iwe simenti 1 kwa mchanga 4, unene usipungue sentimita 4, imwagiliwe maji wiki ya kwanza, kisha iachwe mpaka siku 28 zitimie. Mchanga wa ziwa uliooshwa ni bora kuliko wa udongo. Mchanga wenye udongo hutoa skridi inayovumbika. Kwaruza kwa msumari: ukichimba mfereji kwa urahisi, skridi hiyo haitashika kigae chochote.

Unyevu upime kwa kavera, yaani karatasi ya nailoni. Bandika kipande cha sentimita 50 kwa 50 sakafuni, kingo zote zizibwe kwa utepe, uache saa 24. Ukikuta matone chini ya kavera au sakafu imegeuka nyeusi, subiri. Kama nyumba ni ya miaka mingi na bado pana unyevu, huenda chini ya zege hapakuwekwa nailoni ya kuzuia maji, na hilo linahitaji rangi maalumu ya kuzuia unyevu kabla ya kigae.

Nyumba nyingi za zamani zina sakafu ya simenti nyekundu iliyong'arishwa kwa nta. Inapendeza, na ni adui wa gundi. Dondosha maji: yakijikusanya kama shanga, nta ipo. Lazima uso wote usagwe mpaka simenti ya kijivu itokee. Kudonoa mashimo kwa patasi hapa na pale, kama inavyofanyika mara nyingi, huacha nta katikati ya mashimo, na kigae hushika kwenye vidonda hivyo tu.

Naweza kubandika juu ya vigae vya zamani?

Unaweza, kama vya zamani vimeshika. Gonga kila kimoja kwa mpini wa bisibisi. Vyenye mlio wa debe tupu ving'olewe na mahali pajazwe. Saga mng'ao wote, osha mafuta, na utumie gundi ya daraja la C2. Kumbuka sakafu itapanda karibu milimita 15, kwa hiyo milango itakatwa chini. Kwenye ghorofa ya maxpan, yaani sakafu ya juu iliyojengwa kwa matofali ya udongo yenye matundu, mwulize mhandisi kwanza kuhusu uzito wa ziada.

Kwa nini nisitumie simenti na mchanga, kama zamani?

Kwa sababu poseleni hainywi. Simenti ya kawaida hushika kigae kwa kuingia kwenye vitundu vyake, na poseleni karibu haina vitundu. Mota ya simenti hukauka, hubaki imelala chini ya kigae bila kukishika, na baada ya msimu mmoja au miwili kigae kinang'oka kizima, mgongo safi kama kilivyotoka kwenye boksi.

Tafuta gundi yenye alama C2TE. C2 inamaanisha inashika angalau nyutoni 1 kwa kila milimita ya mraba, mara mbili ya C1. T ni kwamba haiteremki, E ni kwamba unapewa angalau dakika 30 kabla haijashika ngozi. Kadiria kilo 6 kwa mita ya mraba, pamoja na ile ya kupaka mgongoni. Chumba chetu cha mita 15.12 kinahitaji kilo 91: mifuko mitano ya kilo 20.

Tabia nyingine ya kuacha ni kuloweka vigae kwenye beseni. Hiyo ilikuwa dawa ya seramiki inayonyonya maji ya mota. Poseleni haihitaji; inahitaji tu kufutwa mgongo kwa sponji yenye maji kidogo, kwa sababu kuna unga mweupe wa tanuru, na unga huo huzuia gundi kugusa kigae.

Vigae vielekee wapi?

Kwenye korido, kwa urefu wa korido, bila mjadala. Sebuleni fuata ukuta mrefu au mwanga wa dirisha kubwa. Nyumba yenye vyumba vinavyofunguliana ipate mwelekeo mmoja tu.

Kabla ya kuchanganya gundi, piga hesabu ya safu ya mwisho. Chumba chenye upana wa mita 3.3, ukitoa milimita 6 kila upande, kinabaki na milimita 3,288. Ukianza na kigae kizima cha milimita 200 na mwanya wa 3, baada ya safu 16 utabaki na kiwembe cha milimita 40 ukutani. Hakikatiki vizuri wala hakipendezi. Badala yake weka safu 15 nzima katikati, na safu ya kwanza na ya mwisho zote zikatwe milimita 120. Chumba kinaonekana kimepimwa.

Usiamini ukuta kuwa umenyooka. Piga uzi wa chaki na ufuate uzi.

Hatua za kubandika ni zipi?

Fungua maboksi matatu au manne kwa pamoja na uchanganye vigae. Laza safu tatu kavu, zitazame umesimama mlangoni, ondoa picha zinazofanana zilizokaribiana.

Changanya gundi kwa maji yaliyoandikwa kwenye mfuko, kwa mashine ya kukorogea, unga ukiingia kwenye maji na si kinyume chake. Iache dakika 5, koroga tena. Ikianza kukauka kwenye ndoo usiongeze maji: itupe. Maji ya pili hulainisha mikono ya fundi na kuua nguvu ya gundi.

Tumia mwiko wa meno ya milimita 10 au 12. Kwanza sugua gundi sakafuni kwa upande wa mwiko usio na meno, kisha ongeza na uchane mistari iliyonyooka. Mistari ifuate upande mfupi wa kigae, ili hewa iwe na njia fupi ya kutoka. Mizunguko ya upinde inaifungia hewa ndani. Paka na mgongo wa kigae safu nyembamba. Tandaza si zaidi ya mita moja ya mraba kwa wakati mmoja. Katika ukame wa Januari, au kwenye joto la Arua na Moroto, punguza zaidi. Gusa gundi kwa kidole: isiposhika kidoleni, imekufa, ikwangue.

Laza kigae, kibonyeze huku ukikisukuma mbele na nyuma kukata mistari. Kila baada ya vigae kumi, ng'oa kimoja ukitazame mgongo. Vyumba vikavu gundi iwe imefunika asilimia 80 au zaidi, bafuni na barazani 95, na kona zote nne ziwe zimejaa. Madonge matano, moja kila kona na moja katikati, hayakubaliki kabisa. Kati ya madonge kuna utupu, na utupu huo ndipo mguu wa friji utakapopasua kigae.

Weka klipu za kusawazisha (vibanio vinavyoshika kingo za vigae jirani ziwe sawa) kila sentimita 30, na kabari zikazwe kwa nguvu ya wastani. Klipu husaidia ncha zisishuke wakati gundi inakauka. Hazinyooshi sakafu mbovu wala kigae kilichopinda. Ukikaza mno, unakinyanyua kigae kutoka kwenye gundi na kuacha utupu.

Safisha gundi iliyopanda kwenye mianya kabla haijakauka. Asikanyage mtu kwa saa 24. Kisha piga klipu kwa nyundo ya mpira kufuata mstari wa mwanya, kamwe si kuukata.

Mwanya wa grauti (kijazio cha mianya kati ya vigae) uwe na upana gani, na rangi gani?

Kwa vigae vilivyonyooshwa kingo kwa mashine, mwanya usipungue milimita 3. Visivyonyooshwa, milimita 5. Wengi wanaomba milimita 1 "ili ionekane mbao tupu". Milimita 1 haipokei tofauti za vipimo, na kila kidato kinaonekana mara mbili.

Chagua rangi ya mshipa wa wastani wa kigae, kahawia yenye ukijivu mara nyingi. Grauti nyeupe au krimu haitaishi mwaka kwenye matope yetu mekundu. Simenti nyeupe tupu nayo si grauti: husinyaa, hupasuka na kunywa uchafu.

Kiasi ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Kwa 20 kwa 120 yenye unene wa milimita 10 na mwanya wa 3, ni gramu 280 kwa mita ya mraba. Chumba chetu kinamalizwa na kilo 5. Jaza kwa mwiko wa mpira ukienda kwa mshazari, subiri dakika 15 hadi 30, futa kwa sponji iliyokamuliwa sana. Uso wenye mikwaruzo hushika ukungu wa grauti, kwa hiyo fanya eneo dogo na ubadilishe maji mara kwa mara.

Kwa nini vigae vya jirani viliinuka vyenyewe kama hema?

Havikuachiwa pa kupumulia. Vigae hutanuka kwa joto na zege husinyaa ikikauka. Vikiwa vimebana ukuta pande zote, nguvu haina pa kwenda ila juu, na siku moja mchana unasikia mshindo.

Acha milimita 6 kuzunguka kuta na nguzo zote, bila gundi wala grauti ndani, skatingi itaficha. Ndani ya nyumba weka mwanya wa silikoni kila mita 6 hadi 7.5. Barazani au mbele ya kioo kikubwa chenye jua, kila mita 2.4 hadi 3.6. Mlangoni kati ya chumba na chumba ni mahali pazuri pa kuuficha. Na popote zege lilipoachiwa mwanya wake, kigae kiufuate. Kikiruka juu yake kitapasuka kwenye mstari huo huo.

Bafuni na barazani vinafaa?

Bafuni, ndiyo, juu ya kizuia maji kilichopakwa mara mbili na kupanda ukutani sentimita 15, na kwenye shawa hadi juu ya kichwa. Tatizo ni mteremko. Sakafu ya shawa inashuka kuelekea shimo kutoka pande nne, na kigae cha 120 hakikunjiki. Ama weka mfereji mrefu ukutani ili mteremko uwe wa upande mmoja, milimita 15 hadi 20 kwa kila mita, ama tumia vigae vidogo vya rangi inayofanana ndani ya shawa.

Barazani tumia R11, na epuka rangi ya kahawia nzito. Saa nane mchana haikanyagiki kwa miguu mitupu.

Kigae kinatoa mlio wa utupu. Kibomolewe?

Si lazima. Kama ni kona moja, grauti haijapasuka na kigae hakichezi, kiache na ukichunguze. Kama grauti yake inavunjika kila unapoirudia, kimeachia. Ufa ulio ndani ya kigae kimoja unaonyesha utupu chini yake. Ufa ulionyooka unaopita vigae vitatu au vinne ni wa zege, na kubadilisha kigae peke yake hakutausimamisha.

Usafishaji?

Zulia gumu la miguu nje na jingine ndani, fagio laini kila siku, maji yenye sabuni kidogo isiyo kali, kisha maji matupu. Sabuni nyingi huacha utando unaoshika vumbi. Asidi ya chooni inakula grauti. Nta usipake, haiingii popote, inateleza tu.

Kimoja kikipasuka baadaye?

Hapa ndipo vile vitatu vya akiba vinapolipa. Toni ile haitakuwepo dukani baada ya mwaka, kwa hiyo vihifadhi vimesimama stoo pamoja na kipande cha boksi chenye namba ya toni na kaliba.

Toa kwanza grauti yote kuzunguka kigae kilichovunjika kwa kisu cha grauti au diski nyembamba, ili mtikisiko usifike kwa majirani. Toboa katikati, vunja kutoka katikati kuelekea kingo, patasi ikiwa imelala. Kwangua gundi ya zamani mpaka kigae kipya kikiwekwa kikavu kikae milimita 3 hadi 4 chini ya wenzake. Futa vumbi kwa sponji yenye maji kidogo, paka gundi sakafuni na mgongoni, laza, bana kwa klipu mbili kila upande mrefu, uweke kiti juu yake ili asikanyage mtu mpaka kesho.